Mbao za Butiama

Nyumba yetu ya Bunda ilinuka samaki. Nimeandika sentensi hiyo, nikaisoma, kisha nikanyanyuka kwenda kuchemsha chai, maana sijawahi kuisema mbele ya mtu. Shuleni niliipigania. Watoto wa wakulima wa pamba na wafugaji, ambao nguo zao zenyewe zilikuwa na harufu ya zizi, walikuwa wakiziba pua nikipita na kusema, "Ziwa hilo linapita," nami nikawarukia kwa ujasiri wa mtu anayetetea uongo. Chuo kikuu nilimwambia msichana niliyeishi naye chumba kimoja kwamba kwetu kunanukia pamba mpya na mvua ya kwanza. Hata mume wangu, alipofika ukweni mara ya kwanza, wakati wa masika, akavuta hewa ya sebuleni na kuuliza kwa adabu kama leo kuna sato, nilimjibu kwamba ni jirani.

Hakukuwa na jirani aliyekaanga samaki. Harufu ilitoka madirishani, na ilitoka wakati wa mvua tu.

Ninalazimika kuyasema haya sasa kwa sababu najenga. Nimepata kiwanja Kitaji, mjini Musoma, na nyumba imefika mahali ambapo mwenye nyumba huanza kuulizwa maswali ya ladha badala ya maswali ya saruji. Fundi wangu anaitwa Chacha, mtu mchangamfu mwenye simu iliyojaa picha za nyumba za watu wengine. Wiki hizi alitaka nichague mbao za ndani za madirisha. Kwa wasiojua, ni ule ubao unaolazwa chini ya dirisha kwa ndani, unaotokeza ukutani kidogo kama mdomo wa mtoto aliyenuna, pale tunapoweka redio, ua la plastiki na miwani tunayoitafuta nyumba nzima.

Chacha aliniletea sampuli kwenye mfuko wa saruji: kipande cha marumaru, kipande cha terazo, kipande cha mninga, kipande cha mvule. Hiki cha mwisho alikipiga randa mbele yangu ili nione rangi. Vumbi la mbao likapanda puani, mimi nikakiweka chini na kusema nitafikiria. Nilisema hivyo wiki iliyofuata pia. Nilisema nafikiria kuhusu mwanga. Nilisema nafikiria kuhusu mchwa.

"Madam," aliniambia, "dirisha bila ubao ni uso bila nyusi. Mimi nimekuwaga fundi tangu kijana, nimeona watu wanaogopaga nyoka, wanaogopaga mabenki. Sijaonaga mtu anaogopa ubao."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Mafundi wanajua kutofautisha.

Baba yangu, Magesa, alikuwa mtu wa ziwa aliyehamia nchi kavu. Alizaliwa kwenye kijiji cha rasi, ng'ambo ya mji wa Musoma, mahali ambapo mtoto hujua kuogelea kabla ya kujua kuvaa. Alisoma, akapata ukarani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba pale Bunda, akaoa msichana wa Butiama ambaye hakuwahi kupanda mtumbwi na hakukusudia kuanza. Mama alisema maji mengi kiasi kile si kazi ya binadamu. Ndugu wa Baba walimtania kwamba anaosha dagaa akiwa amefumba macho.

Nyuma ya Baba alizaliwa mmoja tu, baba yangu mdogo Majura. Huyu hakusoma sana na hakuhama. Alivua. Mtumbwi wake aliuunda pale pale ufukweni na fundi wa kijijini, mbao za mvule, nyufa zikazibwa kwa pamba iliyosokotwa na kulowekwa mafuta. Pamba hiyo alipewa na Baba kutoka Bunda, na kila mara alipotutembelea alidai kwamba Baba ni mwenye hisa. Rangi aliipata kanisani: walikuwa wamemaliza kupaka milango, ikabaki bluu kwenye kopo, naye akaiomba. Kwa hiyo mtumbwi wa baba mdogo Majura na mlango wa nyumba ya Mungu vilikuwa na rangi moja, na alipenda kusema kwamba siku Mungu akitaka kutoka kuvua, hatahitaji kuuliza wa kwake ni upi. Mimi aliniletea furu wakavu, vile visamaki vidogo vya ziwa, waliotungwa kwenye ukindu, nikawavaa shingoni kama mkufu hadi nilipowala.

Nilikuwa darasa la tatu alipokwenda kuvua dagaa na wenzake wakarudi bila yeye. Upepo uliwatawanya, walisema. Mtumbwi ulikutwa umesukumwa kwenye matete, mzima, taa ikiwa bado imefungwa mahali pake. Ndani hapakuwa na mtu.

Watu wa ziwa wana hesabu yao ya mambo haya. Aliyezama hungojwa ufukweni, maana ziwa humrudisha. Watu huketi, huimba, hupika uji, hutazama maji. Tuliketi. Hata Mama aliketi, mgongo akiwa ameuelekeza ziwani. Ziwa halikurudisha kitu. Mwishowe wazee wakasema inatosha, tufanye msiba bila mwili, watu wanyolewe nywele, maisha yaendelee. Kwetu msiba haujaisha mpaka wenye msiba wanyolewe. Kabla ya hapo uko katikati, huna ruhusa ya kulia vizuri wala ya kucheka vizuri.

Shangazi mmoja akamwendea Bibi na wembe na beseni. Bibi yangu, mama yao Magesa na Majura, alikuwa mwanamke mfupi mwenye nywele nyeupe nyingi ajabu. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Aliushika ule mkono wenye wembe, polepole, kama mtu anayepokea salamu.

"Mnaninyoa kwa ajili ya nani?"

"Kwa Majura, mama."

"Ziwa huwa linarudisha. Kwangu halijarudisha. Kama halijarudisha, basi halijachukua. Nendeni mkanywe uji."

Akakataa. Mtumbwi ukavutwa hadi pembeni mwa nyumba yake, ukageuzwa kifudifudi juu ya mawe, umsubiri mwenyewe. Kila asubuhi Bibi alikwenda akauwekea kiganja, pale pale, kama unavyompima mtoto homa, kisha akaenda shambani.

Hapo ndipo taabu ya Baba ilipoanzia, na sitaki mfikiri alikuwa mtu mbaya. Wavuvi walikuja kutaka kuununua ule mtumbwi. Hakuweza kuuza: mtumbwi ambao msiba wa mwenyewe haujafungwa haurudi majini, na hata ungerudi, asingeweza kusimama Mwigobero, kwenye soko la samaki la Musoma, akamwona mwanamume mwingine amekaa mahali pa mdogo wake. Hakuweza kuuacha: mchwa walikuwa wameanza kupanda kwenye mawe. Hakuweza kuuchoma. Kumwambia mama yake kwamba Majura amekufa ndiko alikoshindwa kuliko vyote. Alijaribu mara moja. Bibi alimjibu kwamba mtoto mkubwa anayemzika mdogo wake bila mwili huyo ndiye aliyemuua, na kwamba atakayeugusa mtumbwi ule hatasikia tena sauti ya mama yake ikimtaja kwa heri. Laana ya mama kwetu haihitaji makelele. Inaweza kusemwa kwa sauti ya kuomba chumvi.

Wakati huohuo tulikuwa tunamalizia nyumba ya Bunda. Matofali yalikuwa ya kuchoma, bati lilikuwa jipya, na fremu zilikwishawekwa. Zilibaki mbao za ndani za madirisha, ambazo Mama alikuwa ameziona kwenye nyumba ya daktari na kuziwekea moyo. Kaka yake, mjomba Wambura wa Butiama, alikuwa na mbao za mvule alizozikausha miaka juu ya dari ya jiko, akasema njooni mchague. Tukaenda. Nakumbuka Mjomba akizigonga kwa kidole cha kati, moja baada ya nyingine, akisikiliza kama anayenunua chungu, na Mama akipitisha kiganja juu ya ile aliyoipenda, yenye nyuzi zilizokwenda kama maji ya mto. Baba alizisifu. Alizisifu mno. Kisha akasema tutafikiria, na njia nzima ya kurudi Mama alimnyonyesha mdogo wangu kwa hasira.

Wanaume wa kwetu hawapendi kutazama nje kupitia kwa shemeji. Ndivyo Mama alivyoelewa, na mimi pia.

Muda mfupi baadaye Bibi alipelekwa Musoma hospitali, kutazamwa macho, akalazwa. Wiki hiyo Baba alitoweka siku mbili, akarudi na gari dogo la mizigo lililojaa magunia ya kiwandani, na chini ya magunia mlikuwa na mbao.

"Nimepita Butiama," alisema. "Nimezichukua zile za kaka yako."

Mama alizitazama. Alikuwa amezipapasa mbao za kaka yake kwa kiganja chake mwenyewe. Hizi zilikuwa nyembamba, zimepinda, zina matundu ya misumari kando kando. Alizitazama, akamtazama Baba, akaziona kucha zake zilizovunjika. Akasema, "Karibu maji ya kuoga."

Seremala aliyezifunga hakuwa na adabu ya Mama. "Karani, hizi mbao ziliugua ndui?" aliuliza, akaziba matundu kwa unga wa mbao na gundi. Alizilowesha, akazilaza chini ya mawe ili zinyooke, akazipiga randa, akazipaka vanishi, akazigongea kabari, akaweka pima maji na kutikisa kichwa. Hazikunyooka kabisa. Hadi majuzi ukiweka chungwa kwenye dirisha la sebuleni la Bunda, lilijiviringisha lenyewe taratibu kwenda upande mmoja, na upande huo ndiko ziwa liliko. Kati ya ubao na ukuta palibaki ufa, na Baba mwenyewe aliuziba kwa pamba.

Mimi niligundua kwa njia ambayo watoto peke yao huijua. Watu wazima huona mbao za madirisha kwa juu. Mtoto aliyelala chali kwenye mkeka huziona kwa chini, na chini seremala hakuwa amejisumbua kupiga randa. Nililala pale mchana mmoja nikiwa na homa, nikainua macho, nikaona bluu ya kanisa.

Nilimfuata Mama jikoni. "Mama, kwa mjomba wana rangi kama ya baba mdogo?"

Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Mbao ni za Butiama," alisema. Akachambua kidogo. "Bibi yako akijua mtumbwi umevunjwa, baba yako hana mama tena. Umenielewa? Mbao ni za Butiama."

Nilielewa vizuri mno. Nilikuwa mtoto wa aina ile inayofurahia kupewa siri nzito, na nikaibeba kwa madaha ya askari wa benki.

Bibi hakurudi rasini. Daktari alisema macho hayatarudi kama zamani, na Baba akamleta Bunda akae nasi, jambo zuri ambalo lilikuwa pia njia ya kumweka mbali na yale mawe yaliyobaki matupu. Kuhusu mtumbwi aliambiwa kwamba umehamishiwa Mwigobero, kwa rafiki wa Baba, chini ya banda, usiliwe na mchwa. Aliingia sebuleni akiongozwa na Mama, akipapasa njia: mlango, kiti, ukuta, dirisha. Mkono ukafika kwenye ubao. Ukakaa.

Baba alikuwa amesimama mlangoni na begi la Bibi mkononi. Hakuliweka chini.

"Mbao za wapi hizi?" Bibi aliuliza.

"Za kwa kaka yangu, mama," alisema Mama. "Butiama."

"Nyafuru, za wapi?"

"Butiama, bibi," nilijibu, haraka kuliko ilivyohitajika.

Bibi aliupitisha mkono taratibu hadi mwisho wa ubao, akaurudisha. "Butiama kuna miti," alisema. Kisha akaomba kiti chake kiwekwe hapo.

Kikawekwa hapo, na hapo ndipo alipokaa. Alikula hapo, kikombe chake cha chai kikikaa juu ya ubao na kuteleza kidogo kidogo, mimi nikikidaka. Kila mtu aliyekwenda Musoma aliulizwa akirudi, "Mtumbwi wa Majura umeuona?" na kila mtu alifundishwa kujibu, "Upo, bibi, chini ya banda." Baba alikuwa akiulizwa zaidi ya wengine. Alijibu akiwa amesimama. Sikumbuki hata siku moja kumwona ameketi karibu na dirisha lile. Alikonda mwaka ule, na kiwandani walidhani ana kifua.

Halafu mvua zikaanza, na nyumba ikaanza kunuka. Baba alipaka vanishi mara ya pili, mara ya tatu. Harufu ikatulia ikingoja wingu lijalo, kisha ikatoka tena: dagaa, mafuta ya taa, na kitu fulani cha chini ya maji. Ndipo vita vyangu vya shuleni vilipoanza.

Siku moja ya mvua mjomba Wambura alitutembelea. Hakuna aliyemtahadharisha, watu wenye siri husahau kwamba wageni huja. Alikuwa ameketi tu, maji yakimtiririka kwenye kofia, Bibi akamgeukia.

"Wambura, sijakushukuru kwa mbao."

Mjomba alimtazama Mama. Mama alimtazama Baba. Baba alitazama chai. Mjomba alikuwa mtu aliyeamua kesi za ng'ombe na wake za watu kwa nusu ya maisha yake, na alihitaji muda mfupi tu.

"Ni kitu kidogo, mama," alisema.

"Si kidogo. Zimenifaa sana. Ila mimi nilikuwa sijui kama huko Butiama na nyie mna samaki."

Mimi nikacheka kwa nguvu, na nikagundua kwamba nacheka peke yangu. Baba alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Mama alikuwa amesimama na chupa ya chai, hamimini wala haiweki chini.

Mjomba akakohoa. "Nilizikausha juu ya jiko la mama watoto," alisema. "Yule mwanamke anapendaga dagaa, mama. Anapendaga dagaa kama mtu wa kwenu. Mpaka mimi mwenyewe nikienda kanisani watu wanasogea."

"Pole," alisema Bibi.

"Nimeshazoea."

"Mwambie aendelee kupika. Zimekolea vizuri."

Mjomba alipoaga, Baba alimsindikiza hadi barabarani kwenye mvua bila mwavuli. Nilichungulia. Walipofika barabarani Mjomba alimshika Baba bega, akaliachia, akaenda zake.

Kwa miaka mingi nimekisimulia kisa hiki, nikiondoa harufu, kama kichekesho cha bibi kizee asiyeona anayemshukuru mtu kwa mbao ambazo hakutoa. Watu hucheka. Mimi ndiye niliyekuwa mjanja wa kisa, mtoto aliyejua. Yaliyofuata siku chache baadaye sikuyahesabu hata kama sehemu yake. Nilirudi kutoka shule nikamkuta Mama anasuuza beseni uani, na Bibi ameketi dirishani amefunga kilemba cheusi, kichwa kimekuwa kidogo ghafla, kama embe lililomenywa. Nilidhani ni chawa. Niliona aibu kwa niaba yake, nikajifanya sijaona. Na kuanzia hapo hakuuliza tena kuhusu mtumbwi. Hilo nalo nililiweka kwenye fungu la uzee.

Aliishi nasi mpaka nikawa sekondari. Alipokaribia kufa alimwita Baba, akamtemea mate kifuani kama wazee wanavyobariki, akamtaja kwa heri, jina lake na jina la baba yake. Baba alitoka nje akaenda kukaa nyuma ya choo, na nilisikia akilia kwa namna ambayo sikujua kwamba ni ya furaha. Alikuwa amepona. Mama yake alikuwa amekufa bila kujua. Na mimi nilipokuja kuwa mtu wa kuandika, niliwahi kutunga makala nzima juu ya uongo wa huruma, yenye tanbihi nyingi, ambamo mwanamke fulani wa kanda ya ziwa alitolewa kama mfano wa mtu anayedanganywa kwa faida yake. Niliisoma mbele ya watu. Nilipigiwa makofi.

Baba naye alifariki, miaka sasa. Mama yuko Bunda, peke yake na dada wa kazi, na mwezi uliopita wadogo zangu waliamua kumtolea madirisha ya zamani na kumwekea ya alumini. Nilichangia. Sikufikiri zaidi ya hapo, au nilijitahidi.

Jumamosi nilikuwa Kitaji, Chacha amepanga sampuli zake juu ya tofali kama muuza nyanya, simu ikaita.

"Nyafuru, uko wapi?"

"Kwenye nyumba, Mama, na mafundi. Shikamoo."

"Marahaba. Na mimi niko na mafundi. Wametoa dirisha la sebuleni. Wanataka kuchukua ubao wakachemshie chai."

"Sasa?"

"Nimeukalia."

"Umeukalia?"

"Nimeukalia. Wananiangalia tu."

Nilimwambia kwa upole, kwa ile sauti tunayotumia kwa wazazi waliozeeka, kwamba awaachie. Nilimwambia Baba hayupo, Bibi hayupo, hakuna tena mtu wa kudanganywa.

Nyuma ya Mama nilisikia nyundo, kuku, mtu akiimba.

"Nani alidanganywa?" aliuliza.

"Bibi, Mama. Kuhusu mbao."

"Nyafuru. Mtu ameshika kitu kila asubuhi, halafu umwekee vanishi asikijue?" Alivuta pumzi. "Chini ya ubao, huku ukutani, kuna pamba. Nimekupigia usije ukasikia wameitupa. Ndani ya ile pamba mna nywele za bibi yako."

Nilikaa juu ya mfuko wa saruji. "Nani alikwambia?"

"Niliziweka mimi. Nilimnyoa mimi."

Akanieleza, bila haraka, kama anayenieleza mahali alipoweka funguo. Ilikuwa wiki ile mjomba alipokuja. Baba yuko kiwandani, sisi tuko shule. Bibi alimwita akamwambia, Mama Nyafuru, leta wembe. Nimekaa na mwanangu hapa dirishani vya kutosha, sasa nimlilie. Aliujua ubao tangu siku ya kwanza. Alisema Magesa amefanya vizuri, amemleta mdogo wake mahali pakavu, lakini yeye hakuwa na mdomo wa kumwambia hivyo baada ya maneno aliyokwishasema. Mama alimnyoa, akalia naye, na nywele wakazisokota pamoja na pamba wakazirudisha kwenye ufa. Kisha Bibi akamwapisha. Magesa asijue. Akijua kwamba mama yake anajua, hataweza tena kumtazama.

Kwa hiyo kilemba hakikuwa chawa. Na yule mwanamke mfupi aliyekaa akisikiliza vita vyangu vya kukanusha harufu, akinipaka mafuta kwenye mikwaruzo niliyoipata nikimlinda yeye na baba yangu, alikuwa akinihurumia kwa kazi ngumu niliyopewa bure. Nyumba ile ndogo ilikuwa na watu wawili wanaofichana kitu kimoja, na mama yangu katikati akiwabeba wote wawili, huku nikidhani mwenye siri ni mimi.

"Lakini Mama," nilisema, na sauti yangu haikuwa nzuri, "Bibi alipokufa, kwa nini hukumwambia Baba? Aliteseka."

"Nilitaka. Siku ya arobaini nilikaa naye nje, nikafungua mdomo. Kabla sijasema akaniambia, Mama Nyafuru, mama yangu alinibariki kwa sababu hakujua. Alisema hivyo akiwa anatabasamu. Ningemnyang'anyaje? Baraka yenyewe alikuwa nayo moja."

Chacha alikuwa amesimama dirishani, tepu ya kupimia mkononi, akinionyesha kwa nyusi kwamba jua linakwenda.

"Huyo fundi wako bado anangoja?" Mama aliuliza.

"Bado."

"Acha kumsumbua mtoto wa watu. Mimi siwezi kukaa hapa mpaka jioni, mgongo unauma. Pima dirisha lako, uniambie lina upana gani."